Dari ya Bi Zeyana

Umm Salal, Jumapili, 20 Oktoba 2013

Daftari hili nimepewa na mhandisi. Anaitwa Douglas, Mkenya, kijana mrefu mwenye miwani, na amesema kila kitakachofanywa juu ya dari ya nyumba hii kiandikwe na tarehe yake, maana ofisi ya mambo ya kale haipokei maneno ya mdomoni. Nikamwambia aandike mwenyewe, yeye ndiye aliyesoma. Akasema, "Mama Arafa, mimi nakuja hapa mara moja kwa wiki. Wewe ndiye unaishi chini ya hiyo dari."

Basi naandika. Mimi ni Arafa binti Makame, mtoto wa Mkunazini, Unguja, umri miaka arobaini na sita, mpishi na mwangalizi wa Bi Zeyana, mwaka wa tisa huu. Wakitaka habari za dari watazipata. Na za watu walio chini yake watazipata pia, kwa kuwa mimi kusema nusu sijui.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kwanza nyumba yenyewe, ili asiyeijua aijue. Imesimama peke yake mwisho wa njia ya mashamba, na kuizunguka ni tambarare tupu ya mchanga na vijiwe mpaka macho yachoke. Aliijenga marehemu mume wa Bi Zeyana, Msellem, fundi mwashi kutoka Unguja, aliyekuja Doha mwaka 1953 kufuata kazi za mafuta. Wenziwe walilala kwenye vibanda vya mbao. Yeye akasema hakuvuka bahari ili aje kulala ndani ya kasha. Miaka miwili alikusanya mawe na kuagiza boriti za mikoko, kisha akajenga vyumba vitatu mstari mmoja, kuta nene kama urefu wa mkono wangu, juu dari bapa ya kukanyagika bila paa la bati, na mbele akaweka baraza mbili za kukalia. Majirani walimcheka: nani atakaa nje kwenye jua hili? Ilipoingia baridi, wote walikuwa barazani wakinywa kahawa yake.

Mimi sijaona nyumba nyingine kama hii Qatar nzima. Nikiifagia baraza asubuhi najiona niko kwetu, na kichwa changu kinapanda juu hata kama hakuna anayenitazama.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo kaja Bwana Khalfan, mtoto wa pekee wa Bi Zeyana. Si mtu mbaya, na naandika hivyo nikiwa nimemkasirikia.

Miaka miwili nyuma alileta wakandarasi wakamwaga simenti juu ya dari yote, kwa mapenzi ya mama yake, isivuje. Simenti ikapasuka. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea, yakazioza boriti kimyakimya. Baridi iliyopita Bi Zeyana alilala katikati ya mabeseni matatu.

Bwana Khalfan akanikalisha barazani. Kiswahili chake ni cha kuokota kwa mama yake, lakini kinatosha. "Sikia, Arafa. Mimi si adui wa nyumba. Nimezaliwa chumba kile pale. Lakini dari ikimwangukia Ummi, watu watasema nini? Na Mungu nitamjibu nini?"

Masharti yake ni haya. Watu wa ofisi ya mambo ya kale watakuja mwezi wa pili. Wakiiona nzima, wataiandika kwenye orodha ya majumba yasiyoguswa, na Bi Zeyana atakaa humu mpaka Mungu atakapomtaka. Lakini dari ikishatengenezwa, mvua za baridi zikipitisha tone ndani, "tone moja, Arafa, moja tu," atamhamishia mama yake kwenye jumba lake mjini na kiwanja hiki kitasawazishwa. Mkewe ameshachoresha ramani ya nyumba mpya ya hapa.

Bi Zeyana alikuwa nyuma ya dirisha, anasikia kila kitu. "Kwako kuna vyumba kumi na viwili na hakuna pa kukaa!" akamwambia. "Mie hapa sitoki."

Ndipo mdomo wangu ukaniponza. Nikamwambia Bwana Khalfan simenti haina kazi juu ya boriti. Dari hii ilikuwa ya chokaa iliyopigiliwa, na kupigilia ni kazi ya wanawake, na marehemu mama yangu alikuwa kiongozi wa wapigiliaji Mji Mkongwe mzima, nami nilishika kibao cha kupigilia nikiwa na miaka tisa. Akasema, "Khalas, basi. Dari yako."

Jumapili, 27 Oktoba

Hamisi dereva, mtu wa Tanga, kaleta magunia ya chokaa mbichi. Tumechimba shimo nyuma ya jiko, tukamwaga maji, chokaa ikachemka yenyewe bila moto, ikatoa mvuke na kurusha vipande. Hamisi alikimbia mpaka kwenye gari. Mimi sikukimbia. Itakaa shimoni wiki nne, ipoe na iwe laini kama siagi.

Bi Zeyana katoka na mkongojo wake, akaitazama, akasema, "Bado." Bi Zeyana ana neno moja tu la kuonja vitu. Chai yangu bado, wali wangu bado, mkate wangu wa ufuta bado. Miaka tisa sijapika kitu kikaiva.

Jumanne, 5 Novemba

Simenti yote imetolewa. Boriti nne zimeoza, unazibonyeza kwa kidole zinaingia.

Jumamosi, 9 Novemba

Hamisi kapata boriti kuukuu, kavu, nzima, kutoka kwenye nyumba ya zamani inayobomolewa mjini. Douglas kazigonga, kazipima, katabasamu. Kasema zina miaka zaidi yake.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua, na chumba cha mwisho kiko wazi.

Ilikuja saa nne asubuhi bila kubisha hodi. Nilipanda na turubai, Hamisi kwenye ngazi ananipa mawe ya kuizuia, upepo unaifumua upande huu nikiikamata upande ule. Chumba cha kati, cha Bi Zeyana, kina tabaka la mkeka na udongo tu juu yake, na maji yaliupata udongo yakashuka nao. Niliposhuka nimemkuta kitandani, amekaa wima, mwavuli mkononi, matope yanadondoka kwenye shuka. Nikamwomba aende kwa mwanawe siku mbili tu. Akasema, "Nikitoka kwa siku mbili, sirudi. Watu wazima huhamishwa hivyo hivyo, kwa siku mbili mbili."

Nilimhamishia kitanda jikoni. Nimelia, naandika bila haya. Halafu nikafua shuka.

Jumatatu, 18 Novemba

Jua. Tunakausha.

Ijumaa, 29 Novemba

Leo tumepigilia chumba cha kwanza! Nilikuwa na wanawake sita, wote wa kwetu, wakiongozwa na Hidaya anayefanya usafi hotelini na kukaa mtaa wa Najma. Ijumaa ndiyo siku yao ya mapumziko, na wamenipa mimi. Tulichanganya chokaa na mchanga na vigae vilivyopondwa, tukatandaza, tukachuchumaa mistari miwili uso kwa uso, vibao mkononi, tukaanza. Unapiga, unarudi nyuma kidogo, unanyunyiza maji, unapiga. Mwanzo inatoa mlio mzito kama wa kupiga godoro. Ukiendelea, mlio unapanda. Ikifika mwisho unalia kama sahani. Mama alikuwa akilala kifudifudi juu ya dari na kuweka sikio, nami nimefanya vivyo hivyo mbele ya watu wote.

Douglas alisimama pembeni na simu yake akipiga picha. Mwisho akasema kwa adabu, "Mama Arafa, si tufunike na magunia ya maji? Hii hewa ya huku ni kavu sana."

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni desturi ya simenti. Kwetu dari haifunikwi, inaachwa ivute pumzi." Wanawake wakacheka. Akarudisha simu mfukoni.

Bi Zeyana alikuwa chini, kwenye kiti. Sikusikia "bado". Kwa mara ya kwanza hakusema kitu, na mimi nikalichukua kama sifa.

Jumapili, 1 Desemba

Upepo mkavu wa kaskazini, wenyewe wanauita shamali. Midomo inapasuka.

Jumanne, 3 Desemba

Dari nayo imepasuka.

Nilipanda alfajiri baada ya kusali na nikadhani nywele zimeangukia chokaa. Nikainama kuziokota. Zilikuwa nyufa. Zimeenea chumba kizima kama mistari ya kiganja, na mahali pengine chokaa imejikunja pembezoni kama mkate wa kumimina uliopoa. Niliigonga kwa kidole ikamomonyoka vumbi. Kazi ya wanawake saba, siku yao moja ya mapumziko, imekuwa vumbi kwa siku nne.

Nilikaa pale juu mpaka jua likanichoma. Nilijua kosa ni langu na nilijua ni lipi. Unguja hewa ina maji yake. Chokaa inakauka polepole kwa sababu haina jinsi. Hapa upepo unakunywa kila kitu. Douglas aliniambia, nami nikamcheka mbele za watu kwa kuwa yeye ni mtoto wa bara, hajui chokaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilijisifu mwenyewe, hata sikungoja wa kunisifu.

Nikashuka kumweleza Bi Zeyana. Nilitegemea hasira. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ubavu, na mimi nimesimama mbele yake na chokaa kwenye nywele.

"Na yake ilipasuka," akasema. "Msellem. Mwaka huo huo wa kwanza. Mabibi walipigilia siku tatu, majirani wakadhani tuna harusi, wakaja na zawadi. Baada ya juma zima ikapasuka yote. Alikaa pale pale juu kama ulivyokaa weye. Hakula siku mbili."

"Akafanyaje?"

"Akaibandua. Akapigilia tena, na safari hii akaifunika kwa mikeka ya makuti ya mtende iliyoloa maji ya kisima. Siku arobaini, kama mzazi. Mie ndiye niliyekuwa nikiilowesha, mchana na jioni."

"Bibi, ulikuwa unajua! Ulikaa chini pale Ijumaa nzima unatusikiliza! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. "Ulikuwa unazungumza weye."

Nikaingia jikoni nikafunga mlango kwa nguvu. Nilimkasirikia mpaka adhuhuri. Baada ya adhuhuri nikaanza kumwona Msellem. Miaka tisa nimekuwa nikipangusa picha yake ukutani, mwanamume wa kofia na masharubu, na nilikuwa nikimwona fundi asiyekosea. Kumbe alikuja na mikono ya kwetu kwenye ardhi isiyokuwa ya kwetu, akadhani hewa ni ile ile, ikamwadhiri. Kosa lake na langu ni moja, na dari yake ya pili ilisimama zaidi ya miaka hamsini mpaka walipokuja kuimwagia simenti. Basi na mimi nina ya pili.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwomba radhi Douglas. Nilijiandaa kwa hotuba, yeye akasema tu, "Ni sawa, Mama. Hata concrete yangu ya kwanza ilipasuka, na hiyo nilikuwa nimesomea miaka minne." Nimemwandalia biriani. Kuanzia leo simwiti kijana, namwita mhandisi.

Amepiga hesabu ya upepo. Kila chumba kitandazwe, kipigiliwe na kufunikwa siku moja, kabla jua halijazama. Chumba kimoja kila Ijumaa, na maungio yaangukie juu ya kuta za kati ambako hapatavuja. Lakini kwa kasi hiyo wanawake saba hawatoshi. Tunahitaji ishirini na zaidi, wenye mikono inayokwenda pamoja.

"Watu wanaoweza kufuata mdundo mmoja masaa manne bila kuchoka," nikasema. "Nitawatoa wapi?"

Akavua miwani, akaifuta. "Mimi naimba kwaya kanisani pale Mesaimeer," akasema. "Tuko thelathini na wawili."

Ijumaa, 13 Desemba

Wamekuja wanne kuangalia kazi baada ya ibada yao, maana huku nao husali Ijumaa, wakiwa na nguo za kanisani. Kiongozi ni Mumbua, muuguzi, Mkamba, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alichukua kibao akakipima uzito mkononi. "Hii tunaweza," akasema. "Lakini, Mama Arafa, hatuwezi kufanya kazi kimya. Sisi tukinyamaza tunachoka."

"Nyimbo zipo," nikasema. "Swali ni zipi."

Shughuli ikaanza hapo. Hidaya akasema hawezi kupigilia dari ya Bi Zeyana kwa nyimbo za kanisa. Mumbua akasema, naye akitabasamu, kwamba kasida hazijui. Tukaenda kwa mwenye dari. Bi Zeyana akafikiri, akasema, "Dari haina dini. Imbeni ile ya kazi." Na akaitoa mwenyewe, kwa sauti iliyokatikakatika:

Lala chokaa, lala kitako,
mvua ikija iende kwao.

Mumbua akaisikiliza mara mbili. Ya tatu akaimba naye, ya nne wale watatu wakaingia, mmoja juu, mmoja chini, mmoja katikati. Bi Zeyana akawatazama mmoja mmoja. "Sauti zao zina ghorofa," akaniambia.

Jumatano, 18 Desemba

Sikukuu ya taifa. Fataki mjini, huku zinasikika kama mtu anapiga zulia. Chokaa mpya iko shimoni.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi ya akina Douglas. Nimewapelekea visheti kwa mkono wa Hamisi.

Ijumaa, 3 Januari 2014

Chumba cha kwanza.

Watu ishirini na sita juu ya dari moja! Basi la kanisa liliwashusha saa saba, sisi tumeshatoka Ijumaa, chokaa imetandazwa. Tulikaa mchanganyiko, wao wawili au watatu kisha mmoja wetu, ili mdundo usije ukawa na makabila. Nilitoa sauti ya kwanza, Mumbua akaipokea, na vibao ishirini na sita vikashuka kwa pamoja. Nyumba yote iliitika. Hamisi, aliyekuwa chini na Bi Zeyana, anasema vikombe vilitembea kwenye rafu.

Watu wa shamba la jirani wakaja kuuliza kama kuna harusi. Bi Zeyana alifurahi kupita kiasi. Akawaambia ipo, wakae, akaniamrisha nitume kahawa barazani. Palepale walipokaa baba zao.

Saa kumi na nusu mlio ukapanda. Niliinua mkono wote wakanyamaza. Nikalala kifudifudi nikaweka sikio, nikagonga. Sahani. Tukafunika magunia na mikeka, tukamwaga maji, na upepo ukaja ukakuta tumemaliza.

Nataka iandikwe hivi: sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, na ilikuwa kazi yangu.

Jumatatu, 6 Januari

Nimelowesha.

Jumanne, 7 Januari

Nimelowesha, asubuhi na jioni.

Ijumaa, 10 Januari

Chumba cha pili, cha Bi Zeyana. Kigumu zaidi, kina boriti tatu kati ya zile nne tulizobadilisha. Mumbua alitoka zamu ya hospitali akaja bila kulala. Nikamwambia apumzike. "Nikipumzika mtaimba flat," akasema. Sikuelewa lakini alikuwa sahihi. Alipokwenda kunywa maji tulilegea wote, na sauti ikashuka.

Ijumaa, 17 Januari

Chumba cha tatu, na mgeni.

Bwana Khalfan kaja saa tisa, kasikia kelele toka barabarani. Alipanda ngazi akiwa na kanzu nyeupe na kilemba chake, akasimama ukingoni. Nikadhani atatusimamisha. Alikuwa anatazama vibao. "Nakumbuka hii," akasema kwa sauti ndogo. "Walipoikarabati, nilikuwa mdogo. Ummi alinibeba mgongoni. Alikuwa anapiga, nami nalala."

Akavua viatu, akavua kilemba, akaomba kibao. Alipiga kwa nguvu zote na nje ya mdundo kabisa. Hidaya akavumilia mistari mitatu, kisha akashindwa. "Bwana, samahani, unatuvurugia. Sikiliza kwanza ndipo upige." Bwana mwenye nyumba, mbele ya watu ishirini na tano! Akasikiliza. Akapata. Akakaa mpaka mwisho, kanzu imekuwa ya rangi ya chokaa hadi kiunoni.

Alipokuwa anashuka nikamuuliza kama masharti yamebadilika. Akatikisa kichwa. "Kupiga ni kupiga, Arafa. Mvua ndiyo itasema." Nilichukia, lakini nilimheshimu zaidi kuliko jana.

Jumanne, 21 Januari

Nimelowesha vyumba vyote vitatu. Mgongo wangu nao ni boriti kuukuu.

Alhamisi, 30 Januari

Nimelowesha. Hakuna mvua.

Jumanne, 4 Februari

Hakuna mvua. Bi Zeyana kanigombeza kwamba nailowesha kidogo. Kasema Msellem alikuwa hambishii.

Jumapili, 9 Februari

Nimefunua mikeka ya chumba cha kwanza kukagua, siku tatu kabla ya arobaini. Nimeipapasa dari yote kwa kiganja, kila mahali, kwa magoti. Hakuna ufa. Nimeipapasa tena.

Jumatano, 12 Februari

Ilianza saa tatu asubuhi. Mbingu ilikuwa ya rangi ya sufuria toka alfajiri, na Bi Zeyana hakusubiri hata tone la kwanza. "Nirudishie kitanda changu chumbani," akasema. Nikamwambia tungoje kwanza tuone. Akasema, "Weye ngoja. Mie nalala kwangu."

Nikamrudishia kitanda katikati ya chumba, yeye juu yake, mto nyuma, shuka nyeupe. Nilitaka kupanga mabeseni kama mwaka jana. Akakataza. "Mabeseni ni ya wasiojiamini."

Mvua ikaja kweli. Si ile ya kupita, ilikaa. Ilipiga dari na mimi nikajua mlio wake, mlio wa juu, safi, na maji nayasikia yakikimbilia kwenye mifereji na kumwagika nje mbali na ukuta. Saa nne. Saa tano. Njia ya mashamba ikawa ziwa. Bwana Khalfan akafika na Hamisi, suruali na kanzu zimeloa hadi magotini. Alikuja kumchukua mama yake. Niliuona mkoba wa nguo mkononi mwake. Akasimama mlangoni akatazama juu. Akaketi kwenye kiti, mkoba magotini, akaendelea kutazama juu.

Sisi wanne, chumba kimoja, shingo zimeinama nyuma kama kuku wanaokunywa maji.

Saa sita kasoro tukasikia. To.

To, tena. Bwana Khalfan akafumba macho. Nilipiga magoti nikaanza kupapasa sakafu kwa viganja, chini ya kitanda, kando ya ukuta, nikisema moyoni si pale, si kwenye maungio, nilipigilia mwenyewe pale. To. Bi Zeyana akanyoosha mkongojo wake akaelekeza kwenye kona ya mlango.

"Hamisi," akasema, "toa mwavuli wako nje. Unanichafulia nyumba."

Ulikuwa umeegemea ukuta, unachuruzika. Hamisi akaukamata akatoka nao mbio. Bwana Khalfan akaanza kucheka, halafu hakuwa anacheka tena, alikuwa amefunika uso kwa kilemba chake chenye maji. Mama yake alimwacha. Baadaye akamwambia, "Fungua huo mkoba, nitolee kanga ya kujifunika. Kuna baridi."

Mvua iliacha alasiri. Nimekagua kila boriti kwa tochi. Kavu, kavu, kavu. Naiandika mara tatu kwa sababu vyumba ni vitatu.

Jumamosi, 15 Februari

Bwana Khalfan kapiga simu. Mkewe kazirudisha ramani kwa mchoraji.

Jumanne, 18 Februari

Watu wa ofisi ya mambo ya kale wamekuja wawili, mmoja mzee wa vipimo, mmoja kijana wa karatasi. Douglas alikuwepo na tai. Walipanda, wakagonga, wakamwaga maji ndoo sita na kukaa kusubiri. Yule mzee akauliza simenti ni ya aina gani. Douglas akasema, "Hakuna simenti." Akauliza basi ni nini. Douglas akaninyooshea kidole mimi.

Nikamweleza yote, toka shimo hadi siku arobaini, Bwana Khalfan akitafsiri. Kosa la kwanza nalo nikalisema. Mzee alinisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, hakupepesa. Kisha akasema neno kwa Kiarabu, na Bwana Khalfan akanigeuzia: "Anasema apewe daftari lako."

Nikamwambia lina mambo ya watu. Akasema ndiyo maana analitaka. Nitalinakili kwanza, chozi la shuka nitalibakisha, la siku ya mwavuli nitamuuliza Bwana Khalfan mwenyewe.

Mwisho wakaketi barazani kujaza fomu. Kijana akasoma: jina la nyumba, mahali, mwaka, mjenzi. Bwana Khalfan akataja jina la baba yake, kamili, hadi la babu, na sauti yake ilikuwa nzuri. Kijana akaandika, akaanza kufunika kalamu.

"Na Arafa," akasema Bi Zeyana.

Kijana akasema kwa heshima kwamba fomu ina mstari mmoja wa mjenzi, bibi, na mjenzi ni aliyejenga.

"Yule aliijenga ya kwanza ikapasuka," Bi Zeyana akasema, "akaijenga ya pili. Huyu naye ya kwanza ilimpasukia, akaijenga ya pili. Sasa niambie tofauti yao."

Bwana Khalfan akatafsiri neno kwa neno. Kijana akamtazama mzee. Mzee akainua mabega. "Mstari mmoja tu," kijana akarudia, taratibu.

"Basi ongeza mstari," akasema Bi Zeyana.

Kijana akachukua rula, akachora mstari chini ya jina la Msellem, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nikalitaja kama nilivyolitaja mwanzo wa daftari hili: Arafa binti Makame, wa Mkunazini. Nikamwambia aongeze kwamba tulikuwa ishirini na sita. Akaongeza.

Nikaingia jikoni nikiwa sioni ninapokanyaga, nikawapikia wote chai ya maziwa na iliki. Nikamtilia Bi Zeyana kwanza. Akaonja, akaweka kikombe chini, akatazama tambarare.

"Bado," akasema.